Risala ya Akina Mama wa Tuchakure, Likoni, Juu ya Kuku na Mboga za Uani

Mgeni rasmi, Bwana D.O. wa tarafa yetu, bwana chifu, Mzee Matano, mzee wetu wa mtaa, na nyote mliotutembelea: assalaam aleikum, na kwa wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe.

KARIBU KWETU

Sisi akina mama wa Tuchakure twakukaribisha kwa mikono miwili. Twajua umesimama na jua pale feri, kwa hivyo madafu yaja sasa hivi. Kiti ulichokalia ni cha Mama Milcah, na ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Hizo kelele za nyuma ya makuti usizijali. Ni kuku wetu, na ndio hasa tuliotaka kukuzungumzia. Leo wamefungiwa kwa heshima yako, na hawakupenda.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilizaliwa na ugomvi. Mwaka ule wa ukame, themanini na nne, Mama Milcah alikuwa mgeni hapa, ametoka bara na mumewe aliyepata kazi bandarini. Akapanda sukuma wiki uani. Jirani yake ni Bi Dhahabu, mwenyeji wa hapa, na kuku wa Bi Dhahabu tangu enzi za mamake hawajui mpaka. Asubuhi moja sukuma wiki zikakutwa zimebaki vijiti. Mama Milcah akamkamata kuku mmoja, akamfunga mguu, akaenda kupiga hodi.

"Bi Dhahabu, nimekuletea mwizi wako."

"Ahsante, mwanangu. Mwizi ni wangu, lakini tumbo lote hilo ni mboga zako. Haya, tumgawe vipi?"

Sisi tuliokuwa tukichungulia tulicheka mpaka wenyewe nao wakacheka. Jioni yake Bi Dhahabu akapeleka gunia la samadi ya kuku, na wavu mkuukuu wa mumewe wa kuvulia samaki, uzungushiwe bustani. Mama Milcah naye kila akichuma akawa huweka kando majani yaliyotobolewa na wadudu, wapelekewe kuku wa jirani. Tukaona, tukaiga. Jina la Tuchakure ni la Bi Dhahabu. Alisema sisi na kuku kazi yetu ni moja.

TULICHOVUNA

Bwana D.O., ukipita uani kwetu leo utaona mchicha, mnavu, kunde, bilingani na hizo sukuma wiki za bara ambazo siku hizi hata wazee wa hapa wazila. Tumejifunza kwa makosa. Samadi ya kwanza tuliimwaga mbichi, mchicha wa mwenzetu Sidi ukanywea kama uliomwagiwa maji ya moto. Sasa huilaza chini ya makuti mpaka ile harufu kali iishe. Kuku hukaa bandani mpaka mboga zichumwe na kumwagiliwa, kisha alasiri hutoka nje. Wajukuu walizoea kulalamika, "Bibi, leo mboga tena?" Siku hizi jibu ni, "Mboga tena, lakini na yai."

Pia tumeirudisha desturi ya ulezi. Asiye na kuku hupewa mtetea na mwenzake amlee. Akitotoa, vifaranga hugawanywa, na mwenye kuku huja mwenyewe kuchagua wa kwanza. Mama Milcah alianza hivyo. Mtetea wake wa kwanza alikuwa yule yule mwizi.

YALIYOTUKUTA

Sasa, mgeni wetu, twakueleza jambo ambalo huenda umelisikia kwa wengine. Mwaka jana baada ya masika kiliingia kideri, ule ugonjwa wa kuku kupindika shingo na kuharisha kijani. Kilianzia kwa Sidi. Habari ilipoenea, kila mmoja wetu aliwaza kumwokoa mwenzake. Sidi akawatia kuku wake wazima ndani ya pakacha, akawapeleka kwa Agneta kwa ulezi. Agneta akaona kwake kumejaa, akapeleka wake kwa Bi Dhahabu. Tulipishana njiani na mapakacha, tukiombeana heri. Tulikuwa tukiutembeza ugonjwa nyumba hata nyumba kwa mikono yetu wenyewe. Haukupita muda, nyua zetu zikawa kimya. Jogoo hata mmoja hakubaki wa kutuamsha.

Kwa huzuni ile mizoga tuliitupa kwenye shimo la mawe lililoachwa wazi. Mbwa na kunguru wakaifukua, na mtaa mzima ukanuka. Majirani walishtaki, nao walikuwa na haki. Bwana afya akaja akasema kuku wasifugwe tena mtaani humu. Wakati ule hatukuwa na kuku wa kubishania. Sasa wamerudi, na majuzi bwana afya naye amerudi. Ametupa hadi mwisho wa mwezi huu tuwe tumewaondoa. Hatumlaumu. Aliyoyaona yalikuwa kweli.

Lakini tangu siku zile yametendeka mengine ambayo hajayaona. Alikuja kijana wa mifugo, Bwana Phineas. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani aliyewahamisha hawa kuku wagonjwa?" Tukatazamana. Bi Dhahabu ndiye aliyemjibu, "Mwanangu, ni huruma." Kijana akacheka, kisha akaketi akatufundisha. Chanjo ni tone moja la jichoni. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haingoji kesho. Kwa hivyo sote huchanja asubuhi moja, uani kwa Mama Milcah. Barafu twaipata kwa wauza samaki, na chupa husafiri ndani ya thamosi ya chai ya Agneta, ambayo tangu hapo hakuna anayetaka kuinywea chai. Ugonjwa ukisikika, kuku havuki njia, hata kwa ulezi. Akifa huzikwa siku hiyo hiyo, shimo refu na jivu juu. Masika ya mwaka huu kideri kilipita mitaa ya jirani. Kwetu hakikubisha hodi.

TUNACHOKUOMBA

Tulishauriana sana hapa. Wengine walitaka tukuombe cherehani, wengine mfereji wa maji, na Bwana D.O., mfereji ukiuona mahali usitusahau. Lakini ombi letu hasa ni hili: uje na bwana afya, mtembee pamoja uani kwetu siku yoyote, bila kututangulizia habari. Mfungue kila banda, mnuse. Mkiona uchafu, amri ile ibaki. Mkiona usafi, mtuachie kuku wetu, kwa kuwa wakiondoka hawaondoki peke yao. Samadi yaondoka nao, na mboga zafuata. Tunaomba pia Bwana Phineas aendelee kufika na chanjo.

Mgeni akija kwetu hatoki mkono mtupu. Tumekutengea mtetea wa kishingo, huyo mwenye shingo isiyo manyoya, mlezi hodari kuliko wote. Wengine walisema tumfunge miguu umtie garini. Bi Dhahabu akakataa. Akasema mtu wa kazi nyingi kama wewe atamlea saa ngapi? Kwa hivyo kuku wako tumemchukua sisi kwa ulezi. Yuko kwa Mama Milcah, pembeni mwa jiko, na tangu Ijumaa iliyopita ameshaatamia.

Siku zake za kutotoa, Bwana D.O., zaangukia baada ya mwisho wa mwezi. Kuku akiinuliwa juu ya mayai kabla ya siku zake, mayai yote huwa viza. Wa kwetu tukiamriwa tutawaondoa. Huyu ni wako. Hatutathubutu kumgusa mpaka utuambie kwa kinywa chako.

Mungu akuvushe feri salama, awape afya watoto wako na riziki isiyokatika. Siku ya kugawa vifaranga akulete tena, uchague wa kwanza kwa mkono wako.

Imesomwa na Bi Mwanarehema, kwa niaba ya wenzake wote,
Kikundi cha Akina Mama Tuchakure,
Likoni, 1989