Bi Hakika na Paa la Ukumbi wa Shule

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa chumba cha habari mliojaa safu tatu za mbele kana kwamba msiba ni wenu peke yenu, karibuni. Historia hii inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akisema dada ana mkono mzuri wa kuandika. Humu atatajwa kama dada tu, maana leo si siku yake, na siku zake, tuseme ukweli, hazikuwahi kuwa nyingi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, alfajiri, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya posta, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyepima mizigo kwenye stesheni ya reli na mama aliyeshona sare za shule. Dada alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na mpaka asubuhi hiyo kitanda cha mama kilikuwa chake. Akawekewa mtoto mapajani, akaambiwa ampakate mdogo wake, akampakata, akamfinya. Mama alilisimulia jambo hilo kwa kicheko hadi anaingia kaburini, wala dada hajawahi kuona kichekesho chake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975, dada akiwa la tatu. Mwaka uliofuata dada aliugua surua akarudia darasa la nne, naye marehemu, kwa kuwa walimu walimwona ni mwepesi, akarushwa darasa zima, hivyo Januari 1978 wakajikuta darasa la tano pamoja, dawati moja, kitabu kimoja katikati. Watu wakawaita chanda na pete. Dada alikuwa mkubwa wa umri na mwenzake wa darasa, na hakuna aliyemuuliza hilo linauma wapi.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana wengi mmelipokea kombo. Aliyekuwa akikata magazeti tangu ana miaka kumi na kuyabandika nyuma ya mlango wa chumba ni dada. Aliyekuwa akimsomea baba taarifa za mpira kwa sauti ya mtangazaji ni dada. Marehemu alitaka uuguzi, akachukua fomu ya chuo cha uandishi wa habari kwa sababu tu dada alikuwa anaichukua, na Januari 1988 wakaitwa wote wawili.

Chuoni walimkuta mwalimu mmoja aliyekuwa mhariri mstaafu na mashine kumi na nne za kupigia chapa, mbili kati yake mbovu. Dada aliandika sentensi ambazo mwalimu alizisoma mbele ya darasa, ilhali marehemu aliandika kama anayehesabu matofali, neno, neno, neno, kisha akauliza. Ukimwambia mkutano ulihudhuriwa na watu arobaini, anakuuliza una hakika, umewahesabu, au umeambiwa. Darasa likambandika jina la Bi Hakika, nalo likamganda mpaka leo. Walihitimu tarehe 22 Juni 1990, dada akapewa zawadi ya mwandishi bora, kamusi yenye jalada gumu, na katika picha ya siku ile mama amesimama kando ya marehemu.

Tarehe 2 Julai 1990 walianza mafunzo kwa vitendo katika gazeti moja, wakijua kwamba baada ya miezi mitatu nafasi ya ajira ni moja. Chumba cha habari kilikuwa ghorofani juu ya mitambo ya kuchapia, mitambo ikiwashwa vikombe vinatembea mezani, na pembeni palikuwa na kibanda cha kioo chenye simu. Mwandishi aliye nje alipiga simu akaisoma habari yake, na mwanagenzi aliyekuwa kibandani akaipiga chapa, kisha, kabla simu haijakatwa, aliyeandika alimsomea mwenzake yote tena kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhariri, ambaye wote tulimwita Mzee Wino, alikuwa akisema kwamba anayekata simu bila kusoma tena ameuza gazeti.

Tarehe 11 Septemba paa la ukumbi wa shule ya sekondari liliporomoka, wanafunzi wawili wakavunjika mikono, na aliyetumwa ni marehemu. Saa kumi na nusu jioni akapiga simu kutoka posta, akasoma polepole, mara mbili: kwamba paa lilijengwa na mkandarasi wa mjini, na kwamba fundi seremala mwenye karakana mkabala na shule aliandika barua kuonya kuwa mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, ni nyembamba. Aliyekuwa kibandani ni dada. Aliandika huku roho inamchoma, kwa kuwa hiyo ilikuwa habari ya kwanza ya ukurasa wa mbele kupewa mwanagenzi, na hakupewa yeye mwenye kamusi. Akakata simu bila kusoma tena.

Alipoichomoa karatasi akaona amewabadilisha, fundi amekuwa mjenzi, na mkandarasi ndiye aliyeonya. Hadi hapo lilikuwa kosa la haraka, la mtu yeyote. Lakini kalamu nyekundu ilikuwa karibu na mkono wake, na muda ulikuwapo, na juu ya karatasi palikuwa na jina la marehemu. Dada akaipeleka meza ya mhariri jinsi ilivyo.

Asubuhi ya tarehe 12 wateja walifika karakana kuchukua milango na vitanda vyao visivyokwisha, na mtu akaandika neno muuaji kwa chaki ukutani mwa fundi, ingawa hakuna aliyekufa. Mzee Wino alimwita marehemu mbele ya watu wote akamuuliza kosa ni la nani, na dada, akiwa hatua tano tu kutoka pale, aliinamia mashine yake akaendelea kupiga chapa. Marehemu alilitazama daftari lake, akalifunga, akasema, "Habari ni yangu, mzee, na jina ni langu."

Gazeti lile lilikuwa na mila yake, nayo ni kwamba mwenye kosa huandika masahihisho kwa mkono wake, na kabla hayajachapwa humpelekea aliyekosewa kwa miguu yake. Marehemu akaenda. Fundi alimwacha amesimama mlangoni saa mbili nzima, akipiga randa kana kwamba pale pana upepo tu, hata alipochoka akamuuliza anangoja nini, naye akajibu kwamba anangoja kuelezwa kenchi inavyoungwa ili asikosee tena. Akakaa humo mpaka jioni. Habari aliyorudi nayo ilitoka tarehe 15, barua ya onyo neno kwa neno, vipimo vya kila ubao, na wateja wakarudi wenyewe na milango yao kichwani.

Tarehe 1 Oktoba 1990 marehemu akaajiriwa. Jamani! Mtu anakosea, anaajiriwa! Dada aliyasema maneno hayo kwenye kila shughuli ya ukoo kwa miaka thelathini na moja, kwamba kazi ile ilikuwa yake na mdogo wake kaipata kwa kosa, na ninyi shangazi na binamu mliokuwa mkitikisa vichwa kwa huruma, mlikuwa mkimhurumia asiyestahili. Yeye aliishia masijala ya ofisi ya bima, akiandika "rejea barua yako ya tarehe" mpaka alipostaafu, na kila asubuhi alilinunua gazeti lile kutafuta kosa la mdogo wake, wala halipati.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Aprili 1995 na fundi mitambo wa kiwanda cha uchapaji, ambaye, shemeji atusamehe, alianza kumsalimia dada kwanza. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wakimwita dada mama mkubwa, wote wakiuliza sana kama mama yao. Mwaka 2009 akawa mhariri mkuu, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti cha Mzee Wino.

Februari 2019 alipatikana na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na dada ndiye aliyempeleka, kila Jumanne na kila Ijumaa. Tarehe 27 Mei 2022, akiwa wodini, alimwomba dada aandike historia hii, akamuuliza kama na ya paa ataiandika. Dada akauliza paa gani. Marehemu akamwambia, taratibu, kwamba amejua tangu asubuhi ile, kwa kuwa daftari lake lilikuwa sahihi, na kwamba alinyamaza ili dada asifukuzwe, kisha alipopata kazi akaona haya kulitaja, maana ilikuwa ndoto ya dada. Dada hakushukuru. Alishikwa na hasira, kwamba huyu kachukua kazi, kachukua mume, na sasa hata msamaha kautoa kabla hajaombwa. Akatengeneza mto, akatoka kumtafuta muuguzi. Tarehe 3 Juni 2022, saa tisa mchana, marehemu alifariki dunia akiwa na miaka hamsini na minne, na neno samahani lilikuwa bado halijatamkwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kufua, na wafanyakazi wenzake waliomsomea gazeti kitandani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo cha mmoja kimemuumbua mwingine. Kwa hiyo yafuatayo ni masahihisho.

Gazeti la tarehe 12 Septemba 1990 lilisema fundi ndiye aliyejenga paa. Si kweli, na kosa hilo halikuwa la mwandishi. Aliyepokea simu aliliona kosa kabla halijachapwa, akaliacha, kwa wivu. Aliyepokea simu ni mimi.

Fundi, nimekuona hapo safu ya nne na fimbo yako, umekuja kumzika mtu ambaye miaka yote hii unasema alikukosea akawa muungwana. Hakukukosea kamwe. Na nisiwadanganye, wivu bado ninao, hata leo nimeuona umati huu nikajiuliza kwangu watakuja wangapi. Mdogo wangu, samahani. Pumzika kwa amani, mimi nashuka hapa, naenda kwa fundi.