Kimashine cha Robo Saa

Daudi aliendesha bajaji taratibu kuelekea Miyuji, masikio ameyaacha kiti cha nyuma. Huko Mzee Hamidu, aliyetoka Kondoa kumwona mjukuu wake wa kwanza na kupitia zahanati kutafuta dawa ya kikohozi, alikuwa akimlalamikia abiria mwenzake, mama asiyemjua.

"Wamenitia kijiti cha pamba puani, wakakiingiza kwenye kimashine. Robo saa tu, eti nina virusi vya mafua makali, nisimbebe mtoto siku tano! Robo saa hata maharage hayajachemka."

"Baba yangu, ile inapima, haipiki."

"Na dawa yenyewe hawakunipa! Wanasema ninywe maji, nipumzike. Maji hata Kondoa yapo."

"Na kichanga kikiugua, je?"

"Ile mashine ni mwongo mkubwa," mzee akajibu, akapiga chafya. Daudi akainama, ingawa kisogo kilishapata habari.

Bajaji ikasimama. Binti wa mzee alikuwa getini, anamnyooshea mtoto. "Shikamoo baba. Haya, mpokee mjukuu wako."

Mzee Hamidu akaficha mikono yote miwili mgongoni.

"Marahaba. Ngoja kwanza, mwanangu. Nina vumbi la Kondoa hapa, na hili halitoki mpaka zipite siku tano."