Chuma, Mfua Mazulia Asiyepata Homa

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi kwenye jua hili, familia imenipa mimi, mtoto wake wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye jina lake la kwenye cheti wengi wenu mmelisikia leo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtaa mzima ulimwita Chuma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa kiume pekee wa mama yake, yaani bibi yetu, ambaye tunaye hapa kwenye kiti cha mbele. Bibi hakuwahi kuwa na kipimajoto, alikuwa na mgongo wa mkono wake wa kulia, na kwa mkono huo aliwalea watoto wake, wajukuu na watoto wa majirani, akiuweka kwenye paji la uso, akifumba macho kidogo, kisha akitoa hukumu, na hukumu ya Bibi haikukatiwa rufaa.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akapenda hesabu na kuchukia kukaa, na Januari 1986 akamfuata mjomba wake chini ya daraja kufua mazulia, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Wanaoijua kazi ile wanajua kwamba zulia zuri halisuguliwi kwa brashi, maana brashi hung'oa nyuzi, bali hulazwa kwenye maji ya magotini na kukanyagwa kwa miguu mitupu, pindo hadi pindo, na baba alikanyaga kwa mwendo usiobadilika, kiasi kwamba wenzake walisema anayetaka kujua saa amsikilize Chuma. Mwaka wa pili alianza kukojoa damu. Wenzake hawakushtuka, walimpongeza, wakamwambia sasa mto umemsajili kazini, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa amepitia hayo, na damu ilipokoma hakuna aliyeizungumza tena. Wahudumu wa afya walipokuja kando ya mto kugawa vidonge vya kichocho, baba alivimeza, akashukuru, akarudi majini siku ileile, maana mazulia ya watu yalikuwa yanasubiri.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa chekechea, aliyempelekea zulia la darasa lenye wino, likarudi safi, wiki iliyofuata akalipeleka tena, na iliyofuata tena, hadi wafuaji wakamuuliza kama watoto wake wanakunywa wino au mwalimu anaumwaga mwenyewe, naye akawajibu kwamba wao wafue tu, maswali ni ya darasani. Walijaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu fundi umeme, na kitinda mimba wetu aliye sekondari.

Jina la Chuma lilitokana na homa, au niseme na kukosa homa. Mafua yalipopita nyumbani, sisi tulilala tukiungua, magodoro yakaanikwa kwa kulowa jasho, baba alikohoa kidogo akaenda kazini, na kila mara Bibi alimpima na kusema maneno yaleyale, hana joto, nasi tulikuwa tukitamba nayo shuleni kama watoto wengine wanavyotamba na gari la baba yao.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 virusi vya mafua makali viliingia mtaani. Kitinda mimba aliungua akapona, mama akaungua akapona, na baba ndiye aliyewauguza wote wawili. Tarehe 20 alianza kukohoa, Bibi akaweka mkono, akasema hana joto, ni uchovu, mwacheni alale. Mama alitaka aende hospitali, baba akacheka, akamwambia mwalimu asimtoe darasani kabla ya kengele, na sisi tuliamini mkono tuliouamini maisha yetu yote. Tarehe 24 alijaribu kuinua mkeka wa sebuleni, mkavu, akashindwa, akakaa juu yake akihema, midomo imebadilika rangi, na hata wakati huo paji lake lilikuwa la baridi.

Hospitalini waliona virusi vimejaa mapafu yote mawili, bakteria wamefuata nyuma, na chini ya hayo yote, kichocho cha miaka mingi. Daktari alituambia kwamba mambo haya bado yanachunguzwa na hawezi kuapa, lakini minyoo inayokaa muda mrefu ndani ya mtu huupoza ulinzi wa mwili ili isifukuzwe, na ulinzi uliopozwa kwa ajili ya mgeni mmoja unaweza kuchelewa kuamka anapokuja mwingine. Bibi akauliza mtu anaumwaje hivyo bila joto, na daktari akamjibu taratibu, "Mama, joto ni mwili unapigana. Wake ulikuwa umezoea kunyamaza."

Tarehe 31 Mei homa ilipanda. Tulipiga simu nyumbani, tukasema ana joto, na huku nyumbani watu walipiga makofi, Bibi akalia kwa furaha, lakini daktari hakupiga makofi, kwa kuwa mwili ulikuwa umeamka wakati hakuna tena cha kuokoa, na ulipigana na mapafu yake mwenyewe. Baba alifariki dunia tarehe 2 Juni, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakutudanganya, majirani waliotupikia, walimu wenzake mama, na wafuaji wenzake baba, ambao wamekuja hapa na suruali zikiwa bado zimelowa magotini, na ambao kesho watarudi majini, kwa sababu hatuna kazi nyingine ya kuwapa.

Asubuhi hii, kabla hatujamfunika, Bibi aliomba nafasi, akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la mwanawe, akafumba macho kidogo, nasi tukasubiri hukumu kama tulivyosubiri siku zote, lakini aliuondoa mkono akaukumbatia kifuani, na tangu hapo hajamgusa mtoto yeyote.

Toka majini, Baba. Pumzika kwa amani.