Bonde la Saba Linahamia Kwenye Kompyuta

Benchi letu liko chini ya dirisha la jikoni la Vukašin, jengo la tatu ukitoka kituo cha basi, hapa mjini Niš. Upande mmoja halina egemeo, kwa hiyo anayewahi anaegemea na anayechelewa anakaa wima. Mwezi huu wa Septemba uwanja wote unanuka hoho nyekundu zinazochomwa kwa ajili ya ajvar, rojo la hoho la kulia mkate wakati wa baridi. Kila mlango una jiko lake la kuni nje, na moshi hauchagui wa kumwingia machoni. Kahawa inatoka dirishani. Vukašin anapitisha mdila, anafuatisha vikombe, halafu anazunguka kwa mlango na ndala zake. Ana miaka sabini na kitu, kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni, mkewe alifariki, binti yake yuko nje ya nchi, Linz. Tunamwita Mwenyeji, maana kila Jumamosi jioni tunaingia kwake kucheza Bonde la Saba, gemu ya kupigana vita kwenye TV. Wachezaji ni wanne: yeye, Radoje, tunayemwita Jenerali ingawa jeshini alikuwa mpishi, Tihomir, dereva wa gari la mikate, tunayemwita Profesa kwa sababu anasoma vichwa vyote vya habari na hakuna habari anayoimaliza, na mimi kinyozi, Wembe. Jumamosi hiyo nilifunga duka mapema, nikawakuta wameshawasha moto na wameshaanza kubishana.

Jenerali: Ijumaa, jamani. Ijumaa Bonde la Saba linaingia kwenye kompyuta, na ukweli utajulikana.

Mimi: Ukweli gani tena?

Jenerali: Kwamba huyu Profesa hajui kupiga risasi, anajua kuchungulia. TV moja, watu wanne, kila mtu robo yake ya skrini. Robo yake iko chini ya yangu. Mimi nikijificha nyuma ya kisima, yeye macho juu, mara bomu hilo kisimani! Sasa kila mtu atakaa kwake na skrini yake. Utachungulia nini, Profesa? Sufuria za mkeo?

Profesa: Tazameni nani anaongea! Nani alitundika taulo la kuogea katikati ya TV ya watu?

Jenerali: Ule ulikuwa ulinzi.

Profesa: Ulinzi wako ulifunika robo nzima ya Wembe. Jamaa alicheza jioni yote kwa masikio.

Mimi: Na nikashika nafasi ya pili. Naomba hilo lisisahaulike.

Profesa: Ulishika ya pili kwa sababu Jenerali alijipiga bomu mwenyewe.

Jenerali: Lilinidondoka! Pedi ya kuchezea ilikuwa na mafuta. Nani alikula soseji akashika pedi yangu?

Hapo wangeendelea mpaka kesho. Nawajua, nimewanyoa wote wawili kwa miaka, na wakiwa kwenye kiti wanasemana kila mmoja kwa zamu yake. Kilichowakatiza ni Ognjen kutoka mlangoni, amejifunga koti, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu kiangazi. Huyu kijana wa ghorofa ya nne tunamwita Injinia. Kampuni anayofanyia kazi ndiyo iliyopewa Bonde la Saba walitoe kwenye konsoli, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, waliingize kwenye kompyuta, na kwa sababu hiyo pale benchini yeye ni waziri.

Jenerali: Injinia! Njoo uegemee. Profesa, mpishe mtoto.

Injinia: Shikamooni, wazee.

Vukašin: Marahaba, mwanangu. Kahawa hiyo. Umekula?

Injinia: Nitakula, mjomba. Tumemaliza. Tumeikabidhi jana.

Profesa: Hongera. Lakini nikuulize, usione vibaya. Miaka miwili kwa kazi gani? Si mnanakili tu, unachomeka flashi huku, unachomoa kule?

Injinia: Ingekuwa hivyo ningekuwa na nywele zaidi. Muulize Wembe. Mjomba Tihomir, konsoli zote ni mapacha. Ukiifurahisha moja umezifurahisha zote. Kompyuta kila moja ina tumbo lake. Huyu kanunua jana, yule kakuta ya marehemu shangazi yake kwenye kabati. Gemu hiyohiyo moja lazima ikubaliane na zote. Halafu kuna mikono. Bonde la Saba lilizoea vidole gumba viwili. Sasa unalikabidhi kipanya na vitufe mia. Ilibidi tulifundishe kutembea upya.

Jenerali: Na hapo kwenye mikono ndipo nitakapowamaliza hawa. Mimi kulenga ni kipaji. Nimezaliwa nacho.

Injinia akazungusha kikombe mkononi. Kinyozi anaona watu wengi kwenye kioo wakitaka kusema neno halafu wakalimeza, na mimi nikaliona hilo neno likipita kooni mwake.

Mimi: Sema tu, kijana. Hapa hatupigani, tunapayuka.

Injinia: Mjomba Radoje, usikasirike. Konsoli ilikuwa inakusaidia.

Jenerali: Inanisaidia nini?

Injinia: Kulenga. Ukishaisogeza ile alama ya kulengea karibu na adui, gemu yenyewe inaivuta kidogo imfuate. Kidole gumba peke yake hakiwezi kwa haraka ile, ndiyo maana waliiweka. Kwenye kipanya tumeiondoa.

Profesa akashika mbavu. Hakucheka bado, alikuwa anajiandaa.

Jenerali: Subiri. Inamsaidia kila mtu au mimi tu?

Injinia: Kila mtu.

Jenerali: Haya! Basi hao ndio waliokuwa wanasaidiwa. Mimi ilikuwa inanisumbua! Sasa ndiyo naelewa. Nilikuwa nahisi mkono unavutwa, nikadhani ni presha.

Tulicheka mpaka Vukašin akaja kushika mdila usimwagike. Jenerali naye alicheka, ila kwa shingo upande, na nilijua jioni ile akifika nyumbani atakaa kwenye kiti chake akiwaza ushindi wake mmoja mmoja. Moyoni nilimhurumia kidogo. Kidogo tu, maana amenitesa sana kule bondeni.

Profesa: Nyinyi chekeni. Mimi najiuliza kitu kingine. Gemu imekaa kwenye konsoli miaka yote hiyo. Kwa nini waihamishe sasa? Nani ananufaika?

Injinia: Wenye kompyuta ni wengi, mjomba. Basi.

Profesa: Hivyo ndivyo ulivyoambiwa. Kipanya kinasoma mkono. Ukitetemeka kinajua. Taarifa zinakwenda kwa watu wa bima. Mwakani unaambiwa bima yako imepanda na hujui kwa nini.

Jenerali: Bima! Una akili ndogo wewe. Ni jeshi. Wanatafuta walengaji. Mtu akipiga vichwa kumi mfululizo, huko juu taa inawaka. Siku mbili tatu, barua mlangoni.

Mimi: Una miaka sitini na nane, Jenerali. Barua ya nini?

Jenerali: Ya kuniomba nikafundishe.

Profesa: Utawafundisha kukaanga vitunguu. Sikilizeni ya kweli sasa, na Injinia asije akafukuzwa kazi kwa sababu yangu. Kule kwenye mtandao hakuna watu. Unadhani unapigana na Mjerumani, na Mturuki, na sijui nani. Hakuna mtu! Ni kompyuta inajichezea yenyewe, inakuachia ushinde ili urudi kesho. Dunia nzima kila mtu yuko chumbani kwake, kila mtu bingwa. Wembe, utafurahi umempiga Jenerali, kumbe Jenerali amelala zamani anakoroma.

Injinia: Hapana, mjomba. Utaliona jina lake pale juu.

Profesa: Jina si mtu.

Injinia akataka kubishana, akaona bora anywe kahawa. Mimi nikageuza hoho kwenye bati, nikamuuliza jambo lililokuwa linanizunguka tangu asubuhi.

Mimi: Ile ya robo nne umeihamisha pia? Watu wanne skrini moja?

Injinia: Hiyo imetolewa.

Mimi: Nani kaitoa?

Injinia: Mimi. Kwa mikono yangu. Wakubwa walisema hakuna mtu anayepanga viti vinne mbele ya kompyuta moja, na tulikuwa hatuna muda. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu kuitoa.

Jenerali: Umefanya vizuri! Hakuna kuchungulia tena. Sisi tumeshapanga. Jumamosi ijayo, saa yetu ileile, kila mtu kwake, tunakutana kwenye mtandao. Mimi nimechukua kompyuta ya mjukuu. Profesa kapata ya ofisini kwao. Wembe unayo ya dukani.

Vukašin: Lakini konsoli bado nzima, jamani.

Alisema polepole, anafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu. Konsoli ile aliachiwa na binti yake wakati binti anahama, ili baba asikae peke yake na TV.

Jenerali: Konsoli ya nini tena, Mwenyeji? Inanivuta mkono! Na Injinia kasema mabonde mapya yote yatakuwa ya kompyuta. Wewe tafuta kompyuta tu.

Vukašin: Nitatafuta. Binti yangu ataniangalizia.

Sikumwamini. Vukašin hamwombi binti yake hata soksi. Na mtu huyu, niseme ukweli, gemu yenyewe haipendi. Miaka yote ile anashika pedi kwa ncha za vidole. Nililijua hilo, wenzangu walilijua, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba bingwa ni yeye.

Ndipo akatokea mwanamke amebeba kreti ya hoho kiunoni, anaangalia majiko ni lipi lina nafasi. Alikuwa Desanka, amehamia ghorofa ya pili wiki ile, amestaafu kiwanda cha nguo huko Leskovac. Vukašin alikuwa wa kwanza kusimama.

Vukašin: Karibu, jirani. Weka hapa, moto bado upo. Kahawa unakunywa na sukari?

Desanka: Kidogo, kaka, asante. Naona nimewakatiza. Mlikuwa mnagombana?

Jenerali: Hatugombani, dada. Tunapanga vita.

Tukamweleza, wote kwa pamoja, na kwa hiyo hakuelewa. Injinia akamweleza upya: gemu, TV ya Vukašin, watu wanne, na kwamba sasa kila mtu atachezea kwake. Akasikiliza vizuri huku anapanga hoho zake kwenye bati, mikia upande mmoja.

Desanka: Na bingwa ni nani?

Jenerali: Mimi.

Profesa: Mimi.

Mimi: Inategemea na taulo.

Desanka: Na kaka huyu mwenye nyumba?

Hapo wote tukacheka, hata Vukašin mwenyewe, kwa sababu jibu la hilo tulikuwa nalo na lilikuwa moja.

Profesa: Mwenyeji? Mwenyeji anakufa wa kwanza! Kila mzunguko. Sisi tunacheza kila mtu na roho moja tu, dada, ukifa unawasubiri wenzako wamalizane. Huyu hata hajatoka getini, kashakufa.

Jenerali: Siku moja alikufa kwa kuanguka kwenye ngazi. Adui hakuwepo hata mmoja!

Desanka: Masikini. Na akishakufa?

Jenerali: Anaweka pedi chini, anakwenda jikoni. Anatuletea maharage ya kuoka, ana mkono huyo, usione hivi. Mkate, jibini. Mara kahawa, mara ananitafutia miwani.

Mimi: Halafu anasimama nyuma ya makochi anawachongea watu. "Wembe, Profesa yuko ghalani." "Profesa, angalia mlangoni." Anamchongea kila mtu kwa kila mtu.

Profesa: Ndiyo raha yake! Wiki ile kapiga kelele zaidi yetu sote, na alikuwa marehemu tangu dakika ya kwanza.

Vukašin alikuwa amesimama na mdila, anacheka na kutikisa kichwa, uso umekuwa mwekundu. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amefurahi hivyo mchana. Desanka naye alicheka. Halafu akauliza, kwa nia njema kabisa, kama mgeni yeyote anavyouliza kanuni za mchezo:

Desanka: Sasa huko kwenye kompyuta, akishakufa, atakuwa anafanya nini?

Jenerali alivua miwani akaanza kuifuta. Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu la kitu chochote duniani, aliinama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nikamwangalia Injinia. Yeye ndiye aliyejua, kwa sababu ndiye aliyeitengeneza sehemu hiyo: skrini inakuwa nyeusi, na katikati yanatokea maandishi ya kukuambia usubiri. Alikuwa amekodolea kikombe chake macho. Nikatafuta utani, kazi yangu ni utani na mkasi, nikakosa. Niliona aibu, nasema kweli.

Vukašin alikuwa ameacha kucheka. Alitutazama mmoja mmoja, mdila mkononi, akingoja na yeye asikie.