Mwalimu Emery Cirhuza na Mto Ulio Chini ya Ukumbi

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo ni mdogo wangu, Mwalimu Emery Cirhuza. Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1958, mwaka ambao mto ulibeba shamba la baba yetu.

Alisoma kwa mapadri, kisha Bukavu. Mwaka 1981 alipelekwa kusoma historia Uchina, mjini Wuhan. Kule moyo wake ulishikwa na mtumishi mmoja wa serikali wa enzi za wafalme, msomi wa mafundisho ya Konfusio, aliyemsoma vitabuni. Bwana huyo, Mwalimu alituelezea mpaka tukachoka, aliona kupenda watu ni ghala lenye nafaka na tuta la mto lisilo na ufa. Kabla ya mvua alilitembelea tuta kwa miguu yake, akawauliza wazee maji yalipita wapi zamani, akaigawia kila nyumba kipande cha kutunza.

Aliporudi alifundisha Bukavu, akamuoa Marcelline, fundi cherehani, tarehe 5 Agosti 1989. Siku hiyo alichelewa. Tulimkuta nyuma ya kanisa anazibua mfereji, suti imejaa tope. Marcelline akasema, "Basi, nimeshajua naolewa na nani."

Vita viliwaleta Johannesburg mwaka 2001. Alikuwa mkalimani wa Wachina wenye maduka kule Cyrildene. Na hapa Bertrams, kila Septemba, alitugawia kusafisha mfereji wa nyuma ya kanisa letu hili, ule mto mdogo uliofunikwa zamani kwa saruji: watu wa saluni kipande chao, mafundi chao.

Mwaka jana tukajenga ukumbi huu, ukuta ukakalia mdomo wa mfereji. Mwalimu akamleta bibi mmoja Mreno wa Troyeville, aliyekulia mtaa huu. Bibi akatuonyesha alama ya maji ya zamani kwenye ukuta wa kanisa: juu ya swichi ya taa. Shemasi Pitchou akacheka. "Papa Emery, huku si Chine. Joburg iko mlimani, mto utatoka wapi?"

"Uko chini ya viatu vyako, mwanangu."

Alama ile tukaifunika kwa rangi.

Mvua ya kwanza ya Oktoba mwaka huu ilipopiga, aliingia mferejini mwenyewe kutoa magodoro na matairi. Akashikwa na nimonia. Hospitalini aliuliza jambo moja tu: "Ukuta mmebomoa?" Binti yake Arlène akamjibu, "Bado, papa." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024.

Ameacha mjane, Marcelline, watoto Arlène na Damien, wajukuu, na mimi kaka yake.

Ukuta bado umesimama. Mvua hailali wiki hii, na kina mama wanaopika wanasema sakafu ya humu inatoa jasho. Ilipangwa tutoke makaburini tuje kula hapa. Familia inaomba sufuria zipandishwe mlimani, mtaa wa Observatory, kwa Orpha, dada wa Marcelline, na watoto watangulie sasa hivi.

Mungu amlaze Mwalimu mahali pakavu.