Chura wa Mia na Mbili

Benchi hii ni yangu. Nasema mapema kwa sababu ukipita hapa Isiolo, mkabala na pale gari za Merti zinapakia, utadhani ni ya Abdighani, vile anaikalia kama kiti cha chifu. Ni ubao tu juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Mimi ni Tache. Saa tatu asubuhi Mama Kabale anaweka jiko lake kando ya mlango wangu, birika ya kahawa ya tangawizi ikishaanza kunukia wenyewe wanafika: Abdighani wa kuziba pancha, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, Guled wa buchari, tunamwita Kilo, na Kirigia, Mmeru wa miraa, tunamwita Giza, si kwa rangi, ni kwa aina ya miraa anayouza. Wamekaa hapa miaka kumi na minane. Jumatatu hii walikuja kuamua nani kati ya Guled na Kirigia ahame benchi asionekane hapa tena. Sababu ni kadi ya chura. Watu wazima, wenye ndevu, wenye watoto.

Kirigia aliweka mkebe wa maziwa ya unga katikati ya ubao. Ndani kulikuwa na kadi, zimefungwa na lastiki.

Kirigia: Mia na moja. Nimezipata kwa mama huko Maua, chini ya kitanda. Imebaki moja tu. Hesabu kama hutaki kuamini.

Guled: Mimi nauza nyama. Hesabu za watu siziamini hata nikiona mizani.

Abdighani: Kimya mahakamani. Jaji ni mimi.

Mimi: Nani amekuchagua?

Abdighani: Asiye na mwana aeleke jiwe.

Mimi: Hiyo inahusu nini na ujaji?

Abdighani: Inahusu uongozi. Mama, ongeza kahawa kwa mshtakiwa.

Guled na Kirigia wote wawili wakanyoosha vikombe.

Kwa asiyejua: mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ule ukame, zilikuja bablish, chingamu za kupuliza, hapa mjini, sijui za Uchina, sijui za Japani. Kila pakiti ilikuwa na kadi moja ya mnyama wa ajabu, maandishi ambayo hata mwalimu hakuweza kusoma, na namba kwa kona, kuanzia moja mpaka mia na mbili. Tuliziita Majoka. Shuleni zilipigwa marufuku, kwa hivyo tulichezea nyuma ya kinu cha posho, tukitoka pale weupe kwa unga kama maiti. Siku hizi kuna Majoka mpya. Makena, mtoto wa dada yake Kirigia, anazo. Zinang'aa kama karatasi ya peremende na ukizipiga chini hazitoi sauti yoyote. Mtu akizitaja hapa benchi ananyimwa sukari.

Guled: Namba nne?

Kirigia: Joka la mabawa mawili, moja limeraruka. Hamsini na nane?

Guled: Mbwa wa mawe. Sabini na moja?

Kirigia: Ng'ombe wa moto. Pembe?

Guled: Moja! Na hiyo moja imepinda!

Wakacheka mpaka Kirigia akamwaga kahawa. Halafu wakakumbuka wamekosana, kila mtu akaangalia upande wake.

Hapo ndipo gari ya serikali ilisimama ng'ambo kutiwa upepo kwa mwenzake Redio, na msichana mwenye koti la kijani akashuka, akavuka, akasema habari zenu, akakaa mwisho wa benchi na kuagiza kahawa. Alikuwa na sanduku la barafu miguuni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mgeni akija katikati ya kesi anangoja.

Abdighani: Kabla sijaamua, benchi lazima ijue kwa nini Isiolo nzima ilipata chura mmoja tu. Mmoja! Majoka wa kila namba walikuwa wengi, chura mmoja. Mimi nimefanya utafiti.

Mimi: Wapi?

Abdighani: Kwa kichwa. Kampuni ilipeleka chura mmoja kwa kila mji wenye kiu. Isiolo mmoja, Wajir mmoja, Marsabit mmoja. Nairobi hakuna, wao wana mfereji.

Guled: Wallahi hiyo inaweza kuwa kweli.

Abdighani: Na alifanya kazi! Ukame uliisha lini? Baada ya chura kuja.

Kirigia: Redio, chura alikuja Januari. Mvua ya maana tuliiona mwaka uliofuata.

Abdighani: Alikuwa anatembea. Haraka haraka haina baraka. Halafu miaka inapita, mara Wachina hao, wanajenga barabara mpaka Moyale. Mtu anatoka kwao kuja kumwaga lami Merille kwenye jua lile bila sababu? Walikuwa wanatafuta chura wao.

Mama Kabale: Na walimpata?

Abdighani: Si yuko kwa Kilo, kwa plastiki ya kitambulisho.

Ni kweli yuko pale. Guled alimtoa, akamweka gotini, uso juu. Chura mdogo wa kijani, macho mawili makubwa, ameshika ndoo. Namba mia na mbili. Kwetu, mwenye namba kubwa ndiye mwenye nguvu, na hakukuwa na kubwa kuliko hiyo. Mwaka jana, kwa kiherehere changu, nikazitafuta kadi hizo kwa mtandao. Nikapata kwamba ile namba si ya nguvu. Ni ya kuhesabia kadi tu, kama namba ya ukurasa, na chura alikuwa dhaifu kuliko wote, kadi ya kutupa. Niliwaonyesha. Benchi ilinyamaza siku mbili, mpaka Guled akatoa uamuzi: waliochora hawajui kucheza. Wao wana maji kila mahali, chura kwao ni mdudu wa mtaro.

Na nikiwa mkweli, sheria haikutoka kwa namba peke yake. Ilitoka kwa Dida. Dida alikuwa kijana wa rika letu, hakuwa shule. Alikuwa akipita na punda wake akiuza maji kwa mitungi, anamfunga kwa mti, anakuja kutuangalia tukipigana makadi ovyo ovyo. Siku moja akasema, mnyama mwenye kiu hapigani. Akachora duara kwa unga, akasema hiki ni kisima. Kila mnyama apange foleni, anywe, ndipo apigane. Na kwa visima vya Waborana kuna mtu wa kusema nani anywe kwanza, anaitwa abba herega, hata tajiri wa ngamia mia anamsikiliza. Tukamuuliza, sasa kwa Majoka abba herega ni nani? Dida akanunua bablish, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, mimi nikiona. Akafungua. Chura na ndoo, akawa yeye abba herega wetu.

Kutoka siku hiyo hakuna mtu wa Isiolo alicheza Majoka bila kisima.

Abdighani: Turudi kwa kesi. Ng'ombe wa kina Dida walikufa, watu wake wakahama kwenda Korbesa. Siku ya kuondoka alipitia kwa kinu. Mchezo ulikuwa katikati, na yeye ndiye alikuwa anashinda. Akaacha chura. Alimpa nani?

Guled: Mimi. Mkononi. Akasema, weka, nikirudi tutamaliza.

Kirigia: Mkononi mwako kwa sababu mimi nilikuwa nimemshikia punda! Alikuwa ananiangalia mimi! Wewe ulikuwa tu karibu!

Guled: Walal, ndugu yangu, kwani macho ndiyo yanapeana kitu, ama mkono?

Kirigia: Na muhula wa pili si nilikaa na chura mimi? Tulikuwa tunabadilishana. Nikapelekwa bweni Maua, nikirudi umemfungia kwa plastiki.

Guled: Ulirudi baada ya miaka minne!

Abdighani: Shahidi. Tache, ulikuwepo. Alimpa nani?

Mimi: Nilikuwa nahesabu kadi zangu.

Ndio ukweli. Nilikuwa nimeshinda sita jioni hiyo, nikainama kuzihesabu, na nilipoinua kichwa punda alikuwa ameshapita kona.

Abdighani: Basi mahakama inapendekeza chura akatwe katikati.

Guled: Nitakukata wewe.

Abdighani: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kirigia: Redio, nyamaza kidogo bana. Kilo, nisikie. Mimi sitaki chura wa kuweka kwa ukuta. Nataka tucheze. Zote, mia na mbili, na kisima, kama wakati ule. Hawa wangu wako kwa mkebe na huyo wako yuko kwa plastiki, hakuna anayekunywa. Tuko na miaka thelathini na saba. Tunangoja nini?

Guled alikuwa akimpangusa chura na kidole, na kidole kilikuwa na mafuta ya nyama.

Guled: Nikikupa, wewe utakuwa na zote. Mimi nitakuwa na nini? Kila siku unakuja hapa kwa sababu ninaye. Ukimpata utakuja kufanya nini?

Kirigia: Aai! Kwani miaka kumi na minane nimekuja kuona chura?

Guled: Sijui. Niambie wewe.

Nilimwona Kirigia uso ukibadilika, na nilijua hiyo haikuwa hasira. Alikuwa ameumia. Akafunga mkebe, akauweka kwapani, akasimama.

Kirigia: Basi kesi imeisha. Nahama mimi. Mama Kabale, asante ya kahawa.

Mimi nilitaka kumshika shati, mkono ukakataa kuinuka, na hilo bado linanikera.

Yule msichana wa koti la kijani ndiye aliyeweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Naitwa Wendy, niko idara ya mifugo. Sikutaka kuingilia. Lakini huyo Dida mwenyewe si anajua alimpa nani?

Abdighani: Dida yuko Korbesa, daktari.

— Ndio nasema. Sisi tunaenda Korbesa saa hii, chanjo ya mbuzi. Tutakuwa huko wiki nzima, boma kwa boma. Nitamuuliza.

Wee! Benchi iliamka. Kirigia akakaa tena, karibu na Guled kuliko mwanzo. Guled akataka Wendy abebe picha ya chura, kisha akajikatiza, hapana, abebe chura mwenyewe, Dida amshike. Kirigia akasema Dida aambiwe mchezo bado uko katikati, tumemwekea zamu yake. Redio akasema aambiwe pia habari ya Wachina. Mama Kabale akamjazia Wendy kikombe cha pili bila kuulizwa. Na mimi nilikuwa nacheka, nakubali, nilikuwa nacheka kama mjinga, kwa sababu hakuna mtu anahama.

Wendy alitoa daftari na kalamu. Gari ng'ambo ilipiga honi.

— Haya. Dida wa nani?

Guled: Dida.

— Dida wa nani? Korbesa hawawezi kukosa kina Dida ishirini. Baba yake anaitwa nani?

Guled alimwangalia Kirigia. Kirigia aliangalia mkebe, kana kwamba jina lingekuwa huko ndani pamoja na mbwa wa mawe.

Abdighani akaanza kukagua soli ya kiatu chake.

— Jamaa zake, basi. Wa ukoo gani? Hapa mjini walikuwa wakikaa kwa nani?

Kirigia: Alikuwa anatoka huku... upande wa Kulamawe. Ama?

Guled: Mimi nilidhani Bulapesa.

Mama Kabale: Tache. Wewe je?

Aliniuliza kwa Kiborana, kwa sauti ya chini, na afadhali angenipigia kelele. Kwetu mtu hapewi hata kiti kabla ya kuulizwa yeye ni wa nani. Mimi nilicheza na Dida kila jioni kwa karibu mwaka mzima. Najua mnyama wa kila namba, moja mpaka mia na mbili. Wa shule tuliitwa kwa rejista kila asubuhi, jina na la baba. Yeye hakuna rejista ilimwita, na mimi sikumuuliza.

Mimi: Punda alikuwa anaitwa Gurracha.

Kirigia: Gurracha, eh. Alinikanyaga mguu.

Hicho ndicho tulikuwa nacho. Wendy alituangalia mmoja mmoja, hakucheka. Aliandika. Niliona kwa pembeni: Dida, mwenye punda Gurracha. Akabeba sanduku lake, akasema atajaribu, akavuka barabara. Chura hakumbeba. Guled alikuwa bado amenyoosha mkono hewani na chura wake, na gari ikaondoka.

Guled akamweka chura juu ya ubao, kati yake na Kirigia. Hakuna aliyemgusa.

Kirigia: Redio. Punda anaishi miaka mingapi?

Redio aliangalia ndani ya kikombe chake. Mama Kabale akainua birika kutuongeza, akaitikisa, tupu, akairudisha jikoni.