Kura Moja ya Marehemu Kezia Jepchirchir

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Bwana Kipngeno na watoto, majirani wa zamani wa Sharpstown na wa sasa wa Missouri City, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na sare zenu kwa kuwa shifti inawangoja, familia ya mzee Kiplagat imempa kazi ya kusoma Shem, mdogo wake marehemu waliyefuatana ziwa moja, aliyefika jana kutoka Irving kule Dallas, naye anaomba mmvumilie, kwa sababu shule yake ni ndogo na karatasi hii ameiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu Kezia Jepchirchir alizaliwa tarehe 4 Aprili 1962 kijijini Chepterit, Nandi, akiwa mtoto wa pili na binti wa kwanza wa marehemu mzee Kiplagat na marehemu mama Rael. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979 akiwa wa tatu katika darasa lao, na ingawa walimu walitaka aendelee, alimwambia baba kwamba zamu ya shule sasa ni ya Shem, akaenda kusomea uuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni, akahitimu mwaka 1982. Aliyeachiwa nafasi hiyo hakufika nayo mbali, na leo anaendesha lori.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kituo cha afya karibu na Kericho, na huko ndiko alikokutana na mwalimu Kipngeno, aliyekuja kushonwa kidole akarudi mara tatu nyuzi zikaguliwe, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, Mungu akawajalia Chelangat mwaka 1986, na baada ya kungoja sana, Kiprono, aliyezaliwa hapa Houston mwaka 1999.

Lazima tuseme kidogo habari za mwaka 1988, kwa sababu bila hizo yaliyofuata hayaeleweki. Mwaka huo watu walipiga kura kwa kupanga foleni hadharani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, mzee Kiplagat akasimama kwenye mstari uliozunguka uwanja mzima, chifu akahesabu, akatangaza kwamba mstari mrefu ni ule mwingine wa watu arobaini, na kwa kuwa kila jicho lilikuwa limeona mzee alisimama wapi, maziwa yake yalikataliwa kituoni msimu mzima. Kabla ya hapo, asiye na kadi ya chama hakuingia sokoni. Kezia aliyaona hayo yote akiwa mke wa mtu na mama wa mtoto, akajifunza kwamba mtu wa serikali akikuuliza kama unataka kadi, jibu ni ndiyo, tena kwa tabasamu.

Mwaka 1996 viza ya bahati nasibu iliwaangukia, wakatua Houston tarehe 22 Mei wakiwa na grini kadi zao halali, wakapanga nyumba Sharpstown, na marehemu akaanza kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, kazi ya kuinua, kuosha na kugeuza, ambayo wengi wenu hapa mnaijua mgongoni.

Tarehe 18 Agosti 1997, siku ya Jumatatu, alienda kuchukua leseni ya udereva, na aliyemsindikiza ni Shem, ambaye kwa kutangulia Marekani miaka sita alijiona Kiingereza kimemjaa kinywani. Karani aliwauliza kwa adabu, kama alivyouliza kila mtu siku hiyo, iwapo marehemu angependa kuandikishwa kupiga kura, akamsukumia fomu, na kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kuuliza kama yeye ni raia.

"Wanauliza kama wewe ni mwananchi," Shem akatafsiri.

"Na mimi ni nini basi, Shem, si mwananchi?" akasema. "Nafanya kazi, nalipa kodi, sijaiba cha mtu."

Akatia alama, akatia sahihi. Ndugu zangu waombolezaji, mwananchi kwetu ni mtu yeyote anayeamka asubuhi kwenda kazini, lakini neno lililoandikwa pale lilikuwa raia, la mtu aliyekwisha kula kiapo, na Shem tofauti hiyo aliijua vizuri kwa kuwa yeye mwenyewe wakati ule alikuwa anahangaikia makaratasi, ila foleni ilikuwa ndefu, karani alikuwa anawatazama, akaona aibu kumrudia dada yake na kusema amelitafsiri vibaya. Kosa hilo ni la Shem, na analisema mbele ya jeneza.

Kadi ya mpiga kura ikaja kwa posta, na tarehe 3 Novemba 1998, siku ya uchaguzi wa gavana, marehemu aliomba kuingia kazini mchana, akavaa gauni la kanisani, akaenda kupiga kura katika shule iliyokuwa karibu na nyumba yao. Alikuja kutusimulia kwamba karatasi ilikuwa ndefu kama orodha ya mahari, gavana, naibu wake, mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi, kamishna wa kilimo, mpaka kamishna wa reli, akauliza treni yenyewe iko wapi maana Houston nzima hajaipanda, na akacheka sana kwamba kwetu kamishna hushuka kutoka juu na gari lenye bendera, huku anaombewa kura kwa mama anayemwaga mikojo ya wazee. Kwa kamishna wa kilimo alikaa muda mrefu zaidi, kwa ajili ya ng'ombe wa baba. Kisha akamwambia mumewe jambo ambalo Bwana Kipngeno ametuomba tulisome: kwamba alipokuwa amejificha kwenye kile kibanda akitoboa kadi ya kura, hakuna chifu, hakuna jirani wa kuona amesimama wapi, machozi yalimtoka, akasali pale pale kwa ajili ya mzee. Hiyo ndiyo kura pekee aliyowahi kupiga Texas, na aliipiga kwa moyo safi.

Mwezi wa sita mwaka 2001 miaka mitano ambayo sheria inamtaka mwenye grini kadi angoje ilitimia, akachukua fomu ya kuomba uraia, na humo akakuta swali, je, umewahi kujiandikisha au kupiga kura katika nchi hii. Akaishikilia kalamu. Wakili aliyemwona alimweleza kwamba kwa sheria asiye raia akipiga kura anaweza kurudishwa kwao, hata kama hakujua, kwamba akiandika hapana atakuwa amesema uongo wa pili juu ya wa kwanza, na kwamba hata akitoka kwenda Kenya anaweza kuulizwa kwenye uwanja wa ndege siku ya kurudi. Marehemu aliuliza ipi ni njia ya Mkristo. Wakili akasema yeye anajua ya sheria tu.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na ni vizuri mjue aliyeushikilia. Marehemu alitaka kuandika ndiyo mwaka ule ule. Shem aliendesha gari kutoka Irving, saa nne njiani, akapiga magoti kwenye zulia la Sharpstown, akamsihi asiandike, kwa kuwa wakili aligusia kwamba wangetaka kujua nani alikaa naye siku ya fomu, na Shem alikuwa ndiyo kwanza amepata grini kadi, akaogopa jina lake likitajwa nayo itapeperuka.

"Ningoje mpaka nile kiapo, dada," akamwambia, "ndipo useme."

Marehemu alimuuliza kama amekula, akampakulia chakula. Alingoja miaka mitano.

Miaka hiyo mmemwona ninyi, lakini hamkujua mnachokiona. Mwaka 2002 mume wake na Chelangat walikula kiapo, marehemu akawapikia wageni pilau na kuku, na kila mgeni akimuuliza yeye atakula kiapo lini akajibu kwamba Mungu hana haraka. Kila baada ya miaka miwili kadi mpya ya mpiga kura ililetwa na posta yenye jina lake, bila kuombwa, naye hakuthubutu kuichana kwa kuwa ni mali ya serikali, wala kuandika aondolewe daftarini, maana kuandika huko nako ni kukiri. Mwaka huo huo, uchaguzi wa gavana uliporudi, vijana wa vyama waligonga mlango wakimwita kwa jina lake kamili, wakisema wanamtegemea, akawapa maji ya kunywa, akaufunga mlango, akakaa sakafuni. Mwaka 2004 walihamia Missouri City, nyumba yao wenyewe, akadhani jina litapotea njiani. Likamfuata.

Mama yetu Rael alilala tarehe 12 Februari 2003, akazikwa Jumamosi tarehe 22. Shem alipanda ndege. Marehemu alisikiliza mazishi kwa kadi ya simu alfajiri, amesimama katika chumba cha mashuka kazini, akisikia udongo ukianguka, mpaka dakika zikaisha katikati ya wimbo. Kule nyumbani wakina shangazi waliuliza binti wa kwanza yuko wapi, Shem akawajibu hakupewa ruhusa kazini, wakasema Amerika imemla moyo, huyo si mtu tena, na Shem akaendelea kula nyama ya matanga. Maneno hayo yalivuka bahari yakafika hapa Houston kabla Shem mwenyewe hajarudi, na hata katika kanisa hili wapo waliomwonyesha marehemu uso wa pembeni. Hatumtaji mtu, kwa sababu ambaye angewanyamazisha kwa sentensi moja ndiye huyu anayesoma.

Shem alikula kiapo mwezi wa nne mwaka 2006. Hakumpigia dada yake simu kumwambia. Dada alisikia kwa wengine, akapiga yeye kumpongeza, na lile jambo lao hakulitaja.

Oktoba mwaka huo, wagombea wa ugavana wakiwa wengi na watu wakibishana hadi kwenye maegesho ya kanisa, shemasi Godefroid, ndugu yetu wa Kongo, alipita na daftari akiwapangia watu magari ya kwenda kupiga kura, kazi njema kabisa, akafika kwa marehemu. "Maman Kezia, jina yako iko kwa orodha yao, niliiona mimi mwenyewe, sasa weye unaogopa nini, hawa watu hawakulangi," akasema, yaani hawali mtu, watu wakacheka. Godefroid ametupa ruhusa tusome jibu alilopewa, kwa sababu ndilo lililomfanya afunge daftari. Marehemu alimwambia, "Shemasi, nilishapiga moja, na bado niko ndani yake."

Jioni hiyo alimpigia Shem, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeshafika ng'ambo, sasa niache na mimi nivuke."

Tarehe 9 Januari 2007 alituma fomu yake ya uraia, amejibu ndiyo mahali pote pa kujibiwa ndiyo, na akaambatanisha zile kadi zote za posta. Mwezi wa tatu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji mwezi wa nne, akaanza dawa kali zilizomwondolea nywele lakini hazikumwondolea zamu, kwa maana alirudi kazini mwezi wa nane, mkiwaona wazee aliowahudumia wamekaa mstari wa nyuma na viti vyao vya magurudumu, jueni sababu.

Aliitwa kwenye mahojiano tarehe 14 Novemba 2007. Alikwenda amefunga kitambaa kichwani, mumewe akabaki nje. Afisa alimuuliza kwa utaratibu kama alijua kuwa haruhusiwi, akasema hakujua. Akamuuliza nani alimwelekeza siku ya kujaza fomu ya leseni. Marehemu akajibu, "Mkono ulikuwa wangu." Afisa akauliza tena, naye akarudia neno hilo hilo, akaambiwa aende akangoje barua. Bwana Kipngeno anasema alitoka pale akiwa na njaa, kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze, akaomba samaki wa kukaanga, akamaliza. Shem aliyasikia hayo kwa shemeji yake baada ya kifo. Alikuwa amejiandaa kutajwa, na hata wakili wake alimwonya asisome sehemu hii leo. Ameisoma.

Ugonjwa ulirudi mwezi wa pili mwaka huu wa 2008, ukaingia kwenye ini, na tarehe 9 Juni, siku ya Jumatatu, saa tisa alasiri, mumewe na Chelangat wakiwa wamemshika mikono, marehemu Kezia Jepchirchir alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Barua ya jibu ilikuwa haijafika, na mpaka asubuhi ya leo haijafika. Keshokutwa anasafiri kwenda Chepterit, kulala kando ya mama, na karatasi hii itasomwa kule pia, neno kwa neno, mbele ya wakina shangazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza wakijua ni mwenzao, majirani wa Missouri City waliokata nyasi zetu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake waliobadilishana shifti ili asilale peke yake hospitalini hata siku moja, na shemasi Godefroid aliyemtembelea kila Ijumaa. Kama kuna aliyemdhania moyo mgumu, tunamwomba amsamehe Shem kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeutengeneza ugumu huo.

Dada Kezia, uliulizwa ukajibu, na wala hukututaja. Pumzika kwa amani.